Uchafuzi si Najisi: Neno Talawwuth katika Lugha, Fiqhi na Tarikh

 

Kila aliyepitia chuoni katika mwambao wetu huu amelitamka neno tunalotaka kulizungumza kabla hajajua maana yake. Katika Safinatun-Najah, kile kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumair al-Hadhrami (alifariki mwaka 1271 Hijria, sawa na 1855), tulipofika kwenye mambo kumi yanayoharimika kwa mwanamke mwenye hedhi tulihifadhi kwamba mojawapo ni kupita msikitini ikiwa anachelea talwith, yaani damu isije ikadondoka ikauchafua msikiti. Mwalimu akitufasiria kwa neno moja tu, "kuchafua", kisha tukaendelea na jambo la kumi. Na Safina imelitoa kwa wakubwa zake: Imam Nawawi (R.A.) amelitumia neno hilo hilo katika Minhaj, mahali hapo hapo.

Leo ukifungua gazeti lolote la Kiarabu, au kitabu cha shule, au sheria ya nchi, utalikuta neno hilo kwa umbo la talawwuth, na maana yake imekuwa ni moshi wa viwanda, mafuta yaliyomwagika baharini, na sumu inayopenya katika visima. Na kwa kuwa sisi tulilijua kwanza katika mlango wa hedhi, likiwa limekaa jirani na najisi, wengi wetu tunalichukua kuwa ni najisi kwa jina jingine. Tumekuwa tukiulizwa: mto uliopitiwa na maji ya kiwanda, maji yake ni najisi? Muulizaji akijibiwa kuwa si najisi, kwa sababu hayakubadilika rangi wala ladha wala harufu kwa najisi, huondoka ameridhika kwamba maji ni mazuri, akawape watoto wanywe. Hapo ndipo penye hatari, na ndilo lililotushikisha kalamu.

Tuanze na lugha. Mzizi wa lam, waw na tha una maana ya kuzungusha na kukunja, kama mtu anavyokizungusha kilemba kichwani. Na una maana ya kupaka na kugaagaza, kama nguo ikigaagazwa katika udongo ikatoka na madoa. Katika mlango wa jinai tunalo neno lawth, ambalo wanafunzi wa Abu Shujaa wanalijua katika masuala ya kasama: mtu ameuawa, muuaji hakuonekana akiua, lakini pana dalili inayoifanya nafsi imwelekee mtu au watu fulani, hapo mdai huapa viapo 50. Ibn Qasim al-Ghazzi (alifariki 918 Hijria) katika Fathul-Qarib anasema asili ya lawth katika lugha ni udhaifu. Ibnul-Athir (alifariki 606 Hijria) katika an-Nihaya anairejesha kwenye talawwuth, yaani kupakaa, kama kitu kilichogaagazwa mchangani. Sisi tunauona mwelekeo wa Ibnul-Athir una nguvu zaidi, kwani tuhuma humpaka mtu kama tope linavyompaka, na tope likishampaka hulazimika kutafutwa limetoka wapi. Maana inayoziunganisha zote ni moja: kitu kigeni kimegusa kitu kingine kikaacha athari.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba katika maana hii hakuna sharti la najisi. Mate ya binadamu ni tohara kwa wanavyuoni wetu, na juu ya hivyo kutema mate msikitini kumehesabiwa kuwa ni kosa katika hadithi iliyothibiti kwa Bukhari na Muslim, na kafara yake ni kuyafukia. Msikiti umechafuliwa na haukunajisiwa. Basi tangu asili talwith ni pana kuliko tanjis: kila kunajisi ni kuchafua, na si kila kuchafua ni kunajisi.

Mlango wa maji wenyewe una kipimo chake, na kipimo hicho kina kisa chenye ladha. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kisima cha Budhaa mjini Madina, kisima ambacho ndani yake zilikuwa zikiingia nguo za hedhi, nyama za mbwa na vitu vilivyooza, naye akajibu kwamba maji ni tohara na hayanajisiwi na kitu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.). Abu Daud (alifariki 275 Hijria) hakutosheka na kuipokea. Anaeleza katika Sunan yake kwamba alikiendea kisima chenyewe, akatandaza shuka yake juu ya mdomo wa kisima kisha akaipima, akaona upana wake ni dhiraa sita. Akamuuliza aliyemfungulia mlango wa bustani kama jengo la kisima limebadilishwa, akaambiwa halikubadilishwa. Na aliyaona maji yake yamebadilika rangi. Kabla yake mwalimu wake Qutaiba bin Said alikuwa amemuuliza msimamizi wa kisima kina chake, akaambiwa maji yakiwa mengi humfika mtu kinenani. Hivi ndivyo walivyokuwa watu wa elimu: hukumu ya maji ilimfanya mtu asafiri na shuka lake akapime.

Kutokana na hadithi hiyo na ile ya kulla mbili, Mashafi wakapanga yale tunayoyasomesha mpaka leo. Maji machache hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Maji mengi, yaliyofika kulla mbili (lita 200 na zaidi kwa makadirio ya wengi), hayanajisiki mpaka ibadilike ladha yake, rangi yake au harufu yake. Ziada ya kutaja sifa hizi tatu katika hadithi ina udhaifu katika sanadi, lakini maana yake imekubaliwa kwa ijmaa. Ni kipimo cha rehema, kwa sababu kinamtosha bedui jangwani na mvuvi kisiwani. Hakihitaji chombo zaidi ya jicho, ulimi na pua ambavyo kila mtu amepewa.

Lakini kipimo hiki kiliwekwa kwa ajili ya nini? Kiliwekwa kujua kama maji yanafaa kuondolea hadathi na khabathi. Hakikuwekwa kujua kama maji yanaua. Zebaki haina najisi ndani yake. Risasi, madini yale yanayotiwa katika betri za magari, haina najisi ndani yake. Vikiyeyuka katika maji kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, jicho halioni kitu, wala ulimi hauonji, wala pua hainusi. Anayeitumia hukumu ya tohara kuwa ni cheti cha afya ameitoa mahali pake.

Na asidhani mtu kwamba jambo la maji tohara yenye madhara ni geni tunaliingiza leo. Fungua Abu Shujaa ukurasa wa kwanza. Ametaja maji aina nne, na ya pili ni maji tohara, yenye kutoharisha, lakini ni makuruhu: maji yaliyopashwa moto na jua. Wanafunzi hulipita suala hili haraka, wengine hulicheka. Litazame vizuri. Imam Shafi (R.A.) ameeleza katika al-Umm kwamba hayakirihi ila kwa upande wa utabibu, na akapokea kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuwa alikuwa akiyachukia. Waliokuja baadaye wakaweka masharti: iwe ni nchi ya joto, na chombo kiwe cha madini yanayofuliwa kwa nyundo kama chuma na shaba, si udongo wala mbao, na si dhahabu wala fedha kwa usafi wa jauhari zake. Na sababu? Jua likipiga chombo cha madini hutoa kutoka humo utando unaoelea juu ya maji, na ukiugusa mwili unachelewa kuleta mbalanga.

Imam Nawawi (alifariki 676 Hijria) hakuikubali karaha hii kwa upande wa dalili. Alisema katika Majmuu kwamba haikuthibiti athari yake, wala matabibu hawana walichokithibitisha juu yake. Nasi hatuji hapa kuyatetea maji ya jua. Tunalolitaka ni usuli uliopo ndani ya mjadala wote huo: Imam wetu aliyahukumu maji kwa sababu ya kitu kilichotoka katika madini na kuingia majini, hali ya kuwa maji ni tohara, na akaiegemeza hukumu kwa tabibu. Na Nawawi alipompinga mwenzake alimpinga kwa hoja ile ile, kwamba matabibu hawakulithibitisha. Kwa hiyo matabibu wakithibitisha, kama walivyothibitisha katika risasi na zebaki, pande zote mbili zinakutana, na madhara yakiwa na yakini hukumu inapanda kutoka karaha mpaka haramu.

Sasa tuulize: kama talawwuth kwa wazee wetu lilikuwa ni doa la nguo na sakafu, wakati wao hewa na mito ikiharibika waliita nini? Waliita fasadi. Raghib al-Isfahani katika Mufradat anaifasiri fasadi kuwa ni kitu kutoka katika wastani wake, kutoka huko kukiwa kuchache au kwingi. Na aya ya 41 ya Surat ar-Rum imelitaja neno hilo kwa bara na kwa bahari, na ikaifungamanisha fasadi hiyo na yaliyochumwa na mikono ya watu.

Matabibu wa Kiislamu walilishika neno hili. Katika karne ya 4 Hijria Muhammad bin Ahmad at-Tamimi, mtu wa Baitul-Maqdis aliyehamia Misri, alitunga kitabu kizima juu ya kuitengeneza fasadi ya hewa na kujikinga na madhara ya maradhi ya mlipuko. Karne iliyofuata Ali bin Ridhwan, mzaliwa wa Giza aliyepanda mpaka akawa mkubwa wa matabibu wa Misri, aliandika kitabu juu ya kuyakinga maradhi katika ardhi ya Misri, na sehemu yake kubwa Maqrizi ameihifadhi katika Khitat. Ibn Ridhwan anausawiri mji wa Fustat bila ya kuuremba: vichochoro vyembamba na majumba marefu yanayozuia upepo, paka na mbwa na wanyama waliokufa wakitupwa njiani wakaoza, mizoga mingine ikitupwa Nile, na makaro ya vyoo yakimimina katika mto ule ule ambao watu wanateka maji ya kunywa, na moshi wa tanuri za mahamamu ukilala juu ya mji. Tabibu huyu hakuuliza kama maji ya Nile yana kulla mbili. Nile ni kulla zisizohesabika, na katikati ya mto haikubadilika sifa hata moja. Yeye aliuliza watu wanaugua nini.

Mafakihi nao walikuwa na mlango wao, na haukuwa mlango wa tohara. Ulikuwa mlango wa ujirani na madhara, uliojengwa juu ya hadithi inayokataza kudhuru na kudhuriana, aliyoipokea Malik katika Muwatta na Ibn Maja katika Sunan yake. Mjini Tunis aliishi Ibnur-Rami (alifariki 734 Hijria), mjenzi kwa kazi yake, aliyekuwa akiitwa na makadhi akatazame kuta na mifereji inayogombaniwa. Kitabu chake juu ya hukumu za majengo kimejaa moshi wa mahamamu na tanuri, na harufu ya viwanda vya ngozi. Wamaliki walitofautisha: moshi wa jiko la nyumbani unavumiliwa kwa kuwa watu hawana budi nao, na moshi wa tanuri na hamamu unazuiwa ukiwadhuru majirani. Ngozi inayotengenezwa ni halali, na kazi ya mwenye kuitengeneza ni halali, na bado jirani ana haki ya kushitaki harufu.

Dola ya Uthmaniya ilipozikusanya hukumu za Kihanafi katika Majalla (1869 hadi 1876), iliingiza suala moja ambalo tunalipenda sana kwa uwazi wake, kifungu cha 1212. Mtu akichimba shimo la maji machafu karibu na kisima cha mwenzake, likayaharibu maji ya kisima, madhara huondolewa. Na ikiwa hayaondoki kwa njia yoyote, shimo lenyewe hufukiwa. Kitendo kilichotumika hapo ni afsada, kuharibu, kutia fasadi. Hakikutumika kunajisi. Kadhi hakutakiwa kuthibitisha kwamba najisi imevuka chini ya ardhi. Ilitosha kwamba maji ya jirani yameharibika na chanzo kinajulikana.

Karne ya 20 ndiyo iliyolivua neno talawwuth nguo zake za zamani. Waarabu walihitaji tamko la jambo lililokuwa likiandikwa kwa lugha za Ulaya, na hasa baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm mwaka 1972 tamko la talawwuth al-bia likaenea. Hatuna ugomvi nalo. Lugha huazima na kupanua. Ila upanuzi huo ulilikuta neno fasadi likiwa na mizigo mingine, na neno dharari likiwa limejifungia katika vitabu vya makadhi, basi watu wakalipokea jipya kwa maana ya lile lililo karibu nalo katika Safina.

Wanavyuoni waliokutana na suala lenyewe mezani hawakuchanganya. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa wa Saudi Arabia katika uamuzi wake nambari 64 wa mwaka 1398 Hijria (1978) lilitazama maji ya mifereji ya vyoo yanayosafishwa kwa mitambo. Likasema yakisafishwa mpaka yasibaki na ladha wala rangi wala harufu ya najisi, yamerudi kuwa tohara, na inajuzu kuyatumia kuondolea hadathi na najisi. Kisha likaongeza kwamba kuyanywa nako kunajuzu, isipokuwa kama yana madhara ya kiafya. Hapo huzuiwa kwa kuilinda nafsi, si kwa unajisi wake. Mwaka 1409 Hijria (1989) Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka nalo lilipitisha utohara wa maji hayo, na Sheikh Bakr Abu Zaid akatofautiana na wenzake, akihoji kwamba katika maji hayo mna uchafu na maradhi ambayo kuondoka kwa sifa tatu hakuyaondoi. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini ameona pale pale tunapopaonyesha.

Katika Kiswahili mkanganyiko umekuja kwa njia yake. Tumelipokea neno najisi kutoka Kiarabu bila ya kulibadili. Fisadi tumelipokea pia, lakini wazee wetu walilitumia zaidi kwa mwanamume anayeharibu wake za watu, na tangu mwaka 2007 nchini Tanzania limewashika wanaotuhumiwa kula mali ya umma. Yule anayemimina sumu mtoni hakuna anayemwita fisadi, ingawa ndiye anayestahiki zaidi kwa mujibu wa aya. Tukabaki na "uchafuzi". Na si neno baya hata kidogo. Mabaharia wetu husema bahari imechafuka, nao hawana maana kwamba imeingia taka. Wana maana kwamba imetoka katika utulivu wake na haifai kuendewa. Mtu husema tumbo limechafuka. Hii ndiyo fasadi ya Raghib, kutoka katika wastani, na msemaji wa Kiswahili alikuwa nayo kinywani siku zote. Upungufu unaingia pale neno linapopita mikononi mwetu sisi tunaosomesha, tukaligeuza "unajisi wa mazingira".

Na mfano uko Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, huko Mikindani, mwaka 2007 kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, na kikafungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake viliingia majumbani, na damu ya watoto ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na ikaamuru eneo lisafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ya Kenya ikairejesha. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu moshi wa kwanza. Katika muda wote huo, lau mkazi angelimuuliza sheikh wake kama maji ya mtaani ni najisi, na sheikh akapima kwa sifa tatu, jibu lingekuwa si najisi, na lingekuwa sahihi, na mtoto angeendelea kunywa.

Suala la mwisho ni la udongo. Tayammamu katika madhehebu yetu inataka udongo tohara wenye vumbi. Udongo uliolowa risasi ni tohara, na vumbi unalo, basi masharti yametimia. Na vumbi hilo ndilo linaloingia vinywani mwa watoto wanaotambaa. Anayeishi mahali kama hapo akatuuliza, tunamjibu mawili kwa pamoja: tayammamu aliyokwisha kuifanya imesihi na sala zake hazirudii, na kuanzia leo udongo wa kutayammamu akauchukue pengine.